Alinyimwa kizimba, akaketi kiti cha hakimu

Katika San Francisco ya miaka ya 1850, mzungu mmoja aliingia kwenye duka la viatu la Mifflin Wistar Gibbs na mbia wake, Peter Lester, akamcharaza Lester kwa bakora. Gibbs alishuhudia yote. Kwenda mahakamani kusingesaidia kitu: sheria ya California ilikataza mtu mweusi kutoa ushahidi dhidi ya mzungu.

Gibbs alizaliwa Philadelphia mwaka 1823, mtoto wa mchungaji aliyefariki mapema. Akajifunza useremala, kisha mwaka 1850 akafuata wimbi la dhahabu hadi California. Hakutajirika kwa kuchimba; aliwauzia wachimbaji viatu, na nadhani alipiga hesabu vizuri kuliko wengi wao.

Mwaka 1857 wabia hao waligoma kulipa kodi ya kichwa. Walihoji: tunatozwaje kodi ilhali hatupigi kura? Bidhaa zao zikakamatwa na kupelekwa mnadani, lakini hakuna aliyetaja bei. Zikarudishwa dukani.

Mwaka uliofuata Gibbs alihamia Victoria, mji katika koloni la Waingereza, pamoja na mamia ya weusi wengine wa California. Huko alipata kura, na mwaka 1866 akachaguliwa diwani. Huko huko akaanza kusoma sheria, akaimalizia Oberlin, Ohio, akiwa na umri ambao wenzake walikuwa wameshazeeka kazini.

Akaingia Little Rock, Arkansas, mwaka 1871. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimekwisha na weusi wa Kusini walikuwa wakipiga kura. Mwaka 1873 aliteuliwa mwanasheria wa kaunti, na kabla mwaka haujaisha wapiga kura wakamchagua hakimu wa mji. Hutajwa kuwa mweusi wa kwanza Marekani kuchaguliwa katika wadhifa huo. Ilikuwa mahakama ndogo, lakini sasa yeye ndiye aliyeamua ushahidi wa nani usikilizwe.

Hakudumu. Mwaka 1874 wanasiasa wawili walipigania ugavana wa Arkansas kwa bunduki, Democrats wakarejea madarakani, na milango ya weusi ikaanza kufungwa.

Mwaka 1897, akiwa na miaka zaidi ya 70, aliteuliwa balozi mdogo wa Marekani huko Tamatave, Madagaska, ambayo leo ni Toamasina. Alipoondoka mwaka 1901, nafasi ilichukuliwa na William Henry Hunt, aliyekuja kumwoa binti yake Ida. Gibbs alifariki Little Rock mwaka 1915.