Taa ya Gari Ikizima, Hesabu Kwanza Kisha Fungua

Gari lenye taa moja ya mbele huonekana kwa mbali kama pikipiki, na dereva anayepishana nalo usiku hukosea upana wake. Hatari hiyo haingoji gereji ifunguliwe. Kwa bahati nzuri, hitilafu nyingi za taa hugundulika nyumbani, mradi usinunue spea kabla ya kujua kilichoharibika.

Anza kwa kuwasha taa zote, zunguka gari na uhesabu zilizozima. Umeme hutoka kwenye betri, hupita fyuzi, swichi na globu, kisha hurudi kwenye betri kupitia bodi ya gari. Ikizima taa moja, kasoro kwa kawaida iko karibu na taa hiyo. Zikizima mbili kwa pamoja, tafuta nyuma zaidi: fyuzi, relei au swichi. Taa zote za breki zikikataa ilhali taa ndogo za nyuma zinawaka, kagua fyuzi yake na swichi iliyo juu ya pedeli ya breki. Indiketa za upande mmoja zikipepesa haraka kuliko kawaida, mara nyingi globu moja ya upande huo imeungua.

Kwenye taa kubwa, zima kila kitu na uache globu ipoe. Magari mengi hutumia globu ya H4 yenye nyuzi mbili, wati 60 kwa mwanga wa mbali na wati 55 kwa mwanga wa karibu. Ndiyo sababu mmoja huweza kufa na mwingine ukabaki. Hamisha globu ya kulia kushoto, na ya kushoto kulia. Tatizo likihama pamoja na globu, nunua globu mpya. Likibaki palepale, globu ni nzima. Usiguse kioo chake kwa vidole, kwani mafuta ya ngozi hukifanya kipate joto lisilo sawa na kuungua mapema. Ukikigusa, kifute kwa spiriti.

Kisha kagua fyuzi. Magari mengi ya Toyota yana fyuzi tofauti kwa taa kubwa ya kulia na ya kushoto, kwa hiyo usiiruke hata kama imezima taa moja tu. Fyuzi za kawaida za kuchomeka hutambulika kwa rangi: nyekundu ni ampea 10, bluu 15, njano 20. Weka yenye namba ileile. Ikikatika tena papo hapo, kuna waya uliochubuka na kugusa bodi. Kutia fyuzi kubwa zaidi, kipande cha waya au karatasi ya sigara ni kuondoa kinga pekee ya nyaya hizo, na gari linaweza kuwaka moto.

Globu na fyuzi zikiwa nzima, angalia ethi, yaani viungo vya waya unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari. Dalili za ethi mbovu ni taa kufifia, au indiketa kuwaka hafifu unapokanyaga breki. Miji ya pwani kama Tanga na Mombasa ina hewa ya chumvi inayoharakisha kutu kwenye viungo hivi. Volti zikipungua kwa asilimia 10 tu, mwanga wa globu hushuka kwa takribani asilimia 30. Fungua boliti ya waya wa ethi, sugua kwa msasa hadi chuma king'ae, kisha ukaze. Safisha pia ncha za soketi.

Mpelekee fundi umeme wa magari soketi iliyoyeyuka, au fyuzi inayokatika kila mara. Taa za zenoni usizifungue kabisa, kwa kuwa huwashwa kwa maelfu ya volti.

Weka ndani ya gari globu moja na fyuzi kadhaa za akiba. Na taa ikiwa haijapona hadi jioni, liache gari nyumbani.