Selimundu, Nasaba na Lugha ya Unasihi wa Kitabibu
Istilahi selimundu (seli + mundu) hubainisha umbo la seli nyekundu ya damu iliyopinda; haidokezi urithi. Dhima hiyo huachiwa vinasaba, istilahi iliyojengwa juu ya nasaba, yaani ukoo. Hapo ndipo penye utata: ukoo huweza kufikiriwa kwa upande mmoja, ilhali mgonjwa wa selimundu hupokea kinasaba chenye hitilafu kutoka kwa kila mzazi. Daktari wa Temeke au Kinondoni asemapo "ugonjwa wa kurithi", msikilizaji aweza kuuliza, "Wa ukoo wa nani?", na lawama ikamwangukia mama. Vilevile, "mmoja kati ya wanne" huweza kufasiriwa kwamba mtoto aliyeugua amewakinga nduguze watatu. Kauli bayana ni hii: wazazi wote wawili wakiwa wabebaji wasiougua, kila mimba ina uwezekano uleule wa asilimia 25.