Nilitengeneza 'jicho' la kufukuza kunguru, kunguru wakalisoma!

WIKI hii tuweke kando habari za mapenzi na za wapangaji wanaogombea koki ya maji. Nina kesi na kunguru. Ndiyo, kunguru hawa hawa wa Dar es Salaam, wenye shingo ya kijivu na roho ngumu. Babu zao waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili wale takataka. Wakaona takataka peke yake haishibishi, wakahamia kwenye vifaranga.

Kwa shangazi yangu, Tandika, mtetea mmoja alitotoa vifaranga 12. Wiki moja baadaye walibaki saba. Usicheke. Kuku hao ndio wanaonunua madaftari na sare za wajukuu wake. Mama wa watu akawa anashinda barazani na fagio mkononi, huku nyuma maharage yanaungua.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Wewe si ndiye fundi wa makompyuta? Basi nitafutie dawa ya mashetani haya, la sivyo huo ufundi wako ni wa mdomoni tu."

Ningesema nini? Nikaingia kazini.

Vifaa vyenyewe si vya kutisha. Kwanza Raspberry Pi, kompyuta ndogo kama kadi ya benki, iliyobuniwa Uingereza na kuanza kuuzwa mwaka 2012. Pili kamera yake, ndogo kuliko kiberiti. Tatu pampu ya maji ya waipa za gari, niliyoipata kwenye spea za mtumba. Ongeza betri, swichi ya umeme inayoamriwa na kompyuta, mpira wa maji na ndoo. Nikalehemu nyaya usiku mmoja, mitambo yote nikaifungia ndani ya kopo la plastiki lisiloingia mvua. Lengo: kunguru akitua, apigwe maji ya uso. Hakuna sumu, hakuna jiwe.

Sasa kasheshe lilikuwa hili: kompyuta itamjuaje kunguru? Kwetu sisi ni jambo la kufumba na kufumbua. Kwa kompyuta picha ni tarakimu tu. Kila nukta ina namba tatu, ya wekundu, ya kijani na ya bluu, kuanzia 0 hadi 255. Wakubwa wa fani hii walidhani ni kazi nyepesi. Mwaka 1966 Profesa Seymour Papert wa MIT, Marekani, aliandika mpango wa kuifanya kompyuta ione, kazi ya wanafunzi wakati wa likizo ya kiangazi. Likizo hiyo ilichukua miongo. Mlango ulifunguka kweli mwaka 2012, pale programu ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto ilipoziacha mbali nyingine zote katika shindano la kutambua picha.

Siri yake ni kwamba huielezi kompyuta kunguru ni nini. Unaionyesha picha, inakisia, unaiambia imekosa au imepata, nayo inajirekebisha. Bahati nzuri hatuanzi na moja. Tangu mwaka 2017 Google wametoa bure programu iitwayo MobileNet, ambayo imeshasoma picha zaidi ya milioni moja na inaenea kwenye kompyuta ndogo kama yangu. Nilichofanya ni kuifundisha darasa la mwisho tu. Niliipa picha 400 za kunguru, 300 za kuku, na 200 za uwanja mtupu, ndoo, mwavuli mweusi na watu wakipita.

Wala si mimi peke yangu mwenye wazimu huu. Mwaka 2016 Makoto Koike wa Japani alitengeneza mashine ya kuchambua matango ya shamba la wazazi wake, kwa sababu mama yake alikuwa akiyachambua kwa mkono mmoja mmoja katika madaraja tisa. Alipiga picha 7,000, kazi ya miezi mitatu hivi.

Kabla ya kuwasha, jirani akaja juu. "Hiyo kamera inanichungulia nikianika nguo?" Swali la haki kabisa. Mashine inayomtambua kunguru leo, kesho inaweza kufundishwa kumtambua mtu. Nikamwonyesha: kamera inatazama chini, haijaunganishwa na intaneti, na kila picha inafutwa papo hapo. Akaridhika, ila nguo akahamishia upande wa pili.

Nikaipa mashine sharti: usifyatue mpaka uwe na uhakika wa asilimia 80, mara tatu mfululizo. Maana mashine haijui, inakisia. Kuku mweusi wa shangazi alilowa mara mbili siku ya kwanza, kwa kuwa weusi wake na jinsi anavyoinama vilimfanya afanane na mwizi.

Lakini kunguru! Wa kwanza alipigwa maji ya kifua, akaruka akipiga kelele mtaa mzima ukasikia. Watoto wakajaa uani kama kuna sinema ya bure. Siku nane hakuibwa kifaranga hata mmoja. Shangazi akapika maharage yakaiva bila kuungua.

Siku ya tisa mambo yakageuka. Wakaanza kutua juu ya paa, nyuma ya kamera, wakilitazama lile kopo kama askari wa doria. Mmoja akashuka kwa nyuma, kimya, akaondoka na kifaranga.

Kwa taarifa yako, ndege hawa ndio mafundi wa kutambua sura. Mwaka 2006 Profesa John Marzluff wa Chuo Kikuu cha Washington, huko Seattle, na wenzake walivaa vinyago wakawanasa kunguru saba wa Marekani, jamaa wa hawa wetu, kisha wakawaachia. Baada ya hapo yeyote aliyepita na kinyago kile alizomewa, na wazomeaji wakazidi, hata ambao hawakunaswa. Mashine yangu ilihitaji picha 900. Kunguru anatosheka na siku moja mbaya.

Basi tumegawana kazi. Asubuhi shangazi anawafunika vifaranga kwa tenga mpaka wachangamke. Wakitoka, mashine inalinda upande wa mbele na mtetea upande wa nyuma. Mimi kila Jumapili nalihamisha kopo, maana adui akishakujua ulipo, hana sababu ya kukuogopa. Sita waliobaki wameshaota manyoya ya mabawa, na madaftari ya muhula ujao yana matumaini.

Wewe mwenye kuku, ukitaka kujaribu, karibu. Ila tenga usitupe.