Neno Shogun na Kuinuka kwa Minamoto no Yoritomo

Neno shogun hufasiriwa mara nyingi kuwa ni mtawala wa Japani, lakini kwa asili halikuwa na maana ya kutawala. Sho ni jemadari, na gun ni jeshi. Cheo kamili, sei-i taishogun, maana yake ni jemadari mkuu wa kuwatiisha washenzi. Mwaka 797 alipewa Sakanoue no Tamuramaro ili akapigane na watu wa kaskazini-mashariki. Kilikuwa, basi, cheo cha vita. Jinsi kilivyogeuka kuwa cheo cha utawala yaelezwa na maisha ya Minamoto no Yoritomo.

Yoritomo alizaliwa mwaka 1147. Baba yake aliposhindwa na ukoo wa Taira na kuuawa, yeye alihamishiwa Izu mwaka 1160, akakaa huko miaka 20. Mwaka 1180 alishika silaha, akashindwa huko Ishibashiyama, akakimbilia Awa kwa njia ya bahari. Hata hivyo, kabla ya mwaka kwisha alikuwa amefanya makao Kamakura, na wapiganaji wengi wa mashariki wamemfuata.

Hawakumfuata kwa sababu ya ushindi. Wapiganaji hao walisimamia mashamba, lakini haki yao ilitegemea wakubwa wa Kyoto, walioweza kuwaondoa. Yoritomo aliwathibitishia mashamba hayo kwa amri yake mwenyewe. Fadhila hiyo iliitwa go-on; utumishi walioulipa uliitwa hoko; na mwenye kuingia katika mapatano hayo aliitwa gokenin, yaani mtu wa nyumba ya bwana.

Taira waliangamizwa Dan-no-ura mwaka 1185, na aliyeongoza ushindi huo ni Yoshitsune, nduguye Yoritomo. Mwaka huohuo ndugu hao walifarakana. Kwa hoja ya kumsaka Yoshitsune, Yoritomo alipata kibali cha Kyoto cha kuweka shugo, walinzi wa majimbo, na jito, wasimamizi wa mashamba. Yoshitsune alikufa mwaka 1189. Mwaka 1192, baada ya kufa Go-Shirakawa, mfalme aliyejiuzulu lakini akaendelea kushika mamlaka, Yoritomo alipewa cheo cha sei-i taishogun.

Yafaa ieleweke kwamba Yoritomo hakumwondoa mfalme wala hakufuta vyeo vya Kyoto. Alichukua jina la kale akalitia kazi mpya. Hali kadhalika bakufu, ambalo asili yake ni hema la jemadari vitani, baadaye likawa jina la serikali nzima.

Lakini jina lililojazwa laweza pia kumwagwa. Yoritomo alikufa mwaka 1199, na mwanawe Sanetomo, shogun wa tatu, akauawa mwaka 1219. Tangu hapo ukoo wa mkewe, Hojo, ulitawala kwa cheo cha shikken, na shogun akabaki jina tu, kama alivyobaki mfalme. Kwa hiyo mfasiri akutanapo na neno hili, hana budi kuuliza kwanza ni la mwaka gani.