Fahamu: Mbona Mkenya huisema serikali yake, lakini humkatalia mgeni?

Kwenye matatu ya kutoka Bahati kwenda Nakuru mjini, serikali husemwa waziwazi: ushuru, bei ya mbolea, barabara. Uhuru huo ulipiganiwa. Sheria ya uchochezi iliyowafunga wakosoaji wengi ilifutwa 1997. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ikabatilisha kifungu cha 132 cha Kanuni ya Adhabu, kilichowaadhibu waliodaiwa kudhoofisha mamlaka ya afisa wa umma.

Mgeni akisema, mambo hugeuka. Julai 2015, CNN ilipoiita Kenya kitovu cha ugaidi kabla ya ziara ya Obama, Wakenya waliijia juu mtandaoni, hadi mkuu mmoja wa CNN akaja Nairobi kuomba radhi. Sioni unafiki hapo: kuisema serikali si kuikana nchi. Vijana waliopinga Mswada wa Fedha Juni 2024 waliandamana wakiwa wamejifunga bendera ya taifa.