Kutoka KIA hadi Nairobi: kilomita 235 na saa zake

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA) hadi ule wa Jomo Kenyatta, Nairobi, ni takribani kilomita 235 kwa mstari ulionyooka. Umbali huu unahesabika kwa kalamu na karatasi, kwa kuwa viwanja hivi viwili viko karibu kwenye longitudo moja. KIA iko nyuzi 3 na dakika 26 kusini mwa ikweta. Jomo Kenyatta iko nyuzi 1 na dakika 19. Tofauti yake ni nyuzi 2 na dakika 7, yaani dakika 127. Kila dakika ya latitudo ni kama maili moja ya baharini, mita 1,852, na ndiyo maili wanayoitumia marubani hadi leo. Zidisha 127 kwa 1,852, jibu ni hilo.

Kwa barabara ya Arusha na Namanga, umbali hufikia kilomita 300 hivi.

Ndege nayo haifuati rula. Njia ya kurukia ya KIA imelazwa mashariki kwa magharibi, ilhali Nairobi iko kaskazini. Ndege huruka kwanza ikiutazama upande usio wake, kisha hupinda na kushika kaskazini, Mlima Meru ukiwa kushoto na Kilimanjaro kulia. Njia ya kurukia ya Nairobi imelala kaskazini-mashariki kwa kusini-magharibi, hivyo atokaye kusini lazima azunguke ajipange kabla ya kutua.

Ndiyo maana kugawa umbali kwa mwendo hakutoshi. Ndege ya panga boi aina ya ATR husafiri angani kwa mwendo wa kilomita 500 hivi kwa saa. Kwa hesabu hiyo safari ingeisha chini ya nusu saa. Ratiba huweka karibu saa nzima, kwa sababu muda huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inaposimama kwenye maegesho ya upande wa pili. Dar es Salaam hadi Nairobi ni kilomita 665 hivi, karibu mara tatu, lakini muda wake haufiki mara tatu: kupaa na kutua hudai dakika zilezile, safari iwe fupi au ndefu.

Tanzania na Kenya hutumia saa ileile, kwa hiyo abiria habadilishi saa yake. Aendaye Kigali huirudisha nyuma kwa saa moja. Aendaye Muscat huisogeza mbele kwa saa moja. Kosa linaloumiza zaidi liko kwenye tiketi yenyewe. Ikiandikwa 07:10, ni saa moja na dakika kumi asubuhi. Anayeisoma kuwa saa saba na dakika kumi mchana atafika uwanjani ndege imeondoka saa kadhaa zilizopita.

Kwa abiria wa Kinyangiri, wilayani Mkalama, hesabu huanzia mbali zaidi. Kwanza afike Singida mjini. Kutoka hapo, kupitia Katesh, Babati na Arusha, KIA iko karibu kilomita 400, na basi haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa. Ukiongeza vituo, na saa mbili au tatu za kuwahi uwanjani kabla ya ndege ya kimataifa, mwenye tiketi ya 07:10 hana budi kuondoka Kinyangiri asubuhi ya siku iliyotangulia na kulala Arusha au Moshi.