Baiskeli, Ahadi na Kilomita Kumi na Tisa

Wapo wanaodhani kwamba safari ya baiskeli kutoka Nairobi hadi Mombasa ni mteremko mtupu, kwa kuwa jiji letu limo kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, nayo Mombasa imo baharini. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilizinduka siku ya kwanza tu, katika vilima vya Salama, nikiisukuma baiskeli kwa mikono huku vijana waliozaliwa juzi wakinipita na kuniambia, kwa heshima zote, "Mwalimu, tutakungoja mbele."

Tulikuwa watu kumi na wanane, tukaondoka Shauri Moyo alfajiri moja ya Agosti 2016. Mtaa huo, kwa msomaji asiyeujua, ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930, na miongoni mwa wakazi wake wa kwanza walikuwamo watu waliohamishwa kutoka kijiji cha Pangani, kilichobomolewa na wakoloni. Jina lenyewe hulisikia kama jibu la mtu aliyechoka kubembeleza: shauriana na moyo wako. Nililelewa huko, na walioniita kwenye msafara walijua kwamba nisingeweza kukataa.

Azma yetu ilikuwa kuchanga karo ya watoto wa mtaa walioitwa katika shule za upili wakakosa uwezo. Sote tunazifahamu harambee za kawaida: hema, mgeni wa heshima, kipaza sauti, na ahadi zinazotangazwa kwa shangwe. Safari hii tuliamua kufanya vingine. Kila mwendeshaji alitafuta wafadhili wake, na kila mfadhili akaahidi kiasi fulani kwa kila kilomita itakayoendeshwa. Mimi nilikabidhiwa daftari la hesabu, pengine kwa imani kwamba mwalimu wa chuo kikuu hawezi kuiba kilomita.

Baiskeli nyingi zilikuwa zile nzito nyeusi ambazo Wakenya huziita Black Mamba, nazo keria zake zilikuwa zimeongezwa vyuma na mafundi wa jua kali wa Kamukunji. Tuliamka saa kumi na moja alfajiri, tukanywa uji, tukaendesha hadi jua lilipokuwa kali, tukajilaza chini ya miti, kisha tukaendelea hadi jioni. Pikapu moja ilitubebea maji, unga na sufuria. Kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa, tulilala madarasani, juu ya sakafu, tukiwa tumezungukwa na jedwali za kuzidisha zilizoandikwa ukutani.

Jambo lililonivutia zaidi, kwa sababu ya kazi yangu, ni lugha ya msafara. Katika barabara ile malori ya kontena hayana subira, na upepo wake humvuta mtu kana kwamba ni karatasi. Kwa hiyo aliyetangulia, akiona shimo, alipaza sauti "Shimo!", na kila mmoja alilirudia kwa aliye nyuma yake. Aliyekuwa mkiani, akiona lori linakuja, alipaza "Mzigo!", na neno likasafiri kwenda mbele. Kufikia siku ya tatu, pumzi zilikuwa haba na maneno yalikuwa yamekatika: "Shi!" na "Zi!" Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na ni hiyo iliyosalia. Nimelieleza jambo hilo darasani kwa miaka mingi bila kupata mfano ulio hai kiasi hicho. Usiku wa mwisho, tukitembea kwa miguu mjini Mombasa, mmoja wetu aliona mtaro ulio wazi akasema "Shi!", nasi sote tukaitikia mmoja baada ya mwingine, wenye maduka wakitutazama.

Makindu tulipokewa katika hekalu la Masingasinga, lililojengwa mwaka 1926, enzi za reli, ambapo msafiri yeyote hupewa chakula bila kuulizwa dini yake wala kudaiwa senti. Nilikaa chakuleni nikiwa na haya kidogo. Tulikuwa tumetoka kwetu kuchangia wahitaji, na sasa sisi ndio tuliokuwa tukiongezewa dengu.

Kutoka Mtito Andei hadi Voi, barabara hupita katikati ya mbuga ya Tsavo. Tuliendesha tumeshikamana, kimya, tukitazama vichaka, na kando yetu nguzo za reli mpya zilikuwa zikiinuliwa. Lakini aliyetutesa hakuwa tembo bali upepo. Agosti ni msimu wa Kusi, nao huvuma kutoka kusini-mashariki, ndiko hasa tulikokuwa tunakwenda.

Ni ndani ya upepo huo, mbele ya Maungu, ekseli ya fundi mmoja kijana ilipovunjika. Pikapu ilikuwa imeshatangulia. Dereva wa lori akamhurumia, akampakia na baiskeli yake hadi Mackinnon Road, mwendo wa kilomita 19.

Jioni ile nilifungua daftari, na ubishi ukazuka. Wengi walitaka niandike kwamba kijana ameendesha njia yote. Walisema mtoto halipiwi karo kwa kilomita bali kwa shilingi, na kwamba ekseli si kosa la mtu. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi, na nakiri kwamba kalamu yangu ilisita. Tulikuwa karibu na msikiti wenye kaburi la Seyyid Baghali, ambapo wasafiri wengi husimama kuomba dua, na huenda mahali penyewe palituzuia kusema uongo kwa wepesi. Kijana mwenyewe ndiye aliyekata shauri. "Andika kumi na tisa za lori, Mwalimu. Yule mama atanihesabia."

"Yule mama" alikuwa muuza supu katika soko la Burma, hatua chache kutoka mtaani kwetu, aliyeahidi shilingi 5 kwa kilomita. Tuliporudi Nairobi nilimwendea na daftari. Nilikuwa pia na orodha ya ahadi kubwa, na mojawapo, ya mheshimiwa aliyetuaga kwa hotuba, haijalipwa hadi leo. Mama alijifuta mikono, akasoma ukurasa polepole, akaweka kidole kwenye neno "lori".

"Huyu hapa alipanda gari?"

Nikamweleza habari za ekseli na upepo. Akanisikiliza hadi mwisho, akauliza afya ya kijana, kisha akahesabu. Kilomita 480 kutoa 19 ni 461. Akanipa shilingi 2,305, noti kwanza, sarafu ya shilingi tano juu yake, akanitaka nitie sahihi.